Honi Mbele ya Shule Arobaini na Sita

Kila nikiulizwa wifi yangu anafanya kazi gani na nikajibu kwamba anapiga honi, swali linalofuata ni anaendesha gari gani. Nimechoka kueleza. Mwenye gari ni kaka yangu, dereva wa malori ya masafa marefu, mwezi mmoja yuko nyumbani, miwili hayupo. Mkewe ni karani wa masjala katika ofisi ya ardhi, na honi yake si ya gari. Ni ile ya muziki, ya shaba, iliyojiviringa kama konokono. Mtu huipakata mapajani, mkono wa kushoto ukicheza na vibonyezo na wa kulia ukiwa umetumbukizwa ndani ya mdomo mpana wa honi, kama mtu anayetafuta ufunguo ulioangukia kwenye chungu. Alifundishwa na marehemu baba yake, aliyekuwa katika bendi ya zimamoto.

Tunaishi nyumba moja. Vyumba vyao viko upande wa uani, cherehani zangu ziko upande wa barabarani, kwa maana mimi ni mshona mapazia. Kwa hiyo Jumanne ile aliponiita kutoka bafuni, nilimsikia mara ya kwanza tu.

"Wifi! Hebu njoo uniangalie."

Nilimkuta na mswaki mkononi, povu la dawa likimchirizika kidevuni upande wa kushoto. Alijaribu kunitabasamia. Upande wa kulia wa mdomo ulipanda, wa kushoto ulibaki pale pale. Jicho la kushoto lilikuwa wazi, halipepesi. Nilidhani ni kiharusi, naye alidhani hivyo hivyo, maana aliniambia kwa sauti ndogo, "Mtoto asinione."

Hospitali walimpima wakasema si kiharusi. Ni mshipa wa fahamu wa uso uliovimba ukashindwa kufanya kazi. Daktari alikuwa mpole, lakini upole wake haukututuliza. Alisema kwa wengine uso hurudi baada ya wiki chache, kwa wengine baada ya mwaka, na kwa wengine haurudi wote. Wifi akauliza swali moja tu.

"Na kupuliza?"

"Kupuliza nini?"

"Honi."

Daktari akasita, bila shaka naye akiwaza gari.

Miezi ikapita. Usiku alilibandika jicho kwa plasta ili lisikauke, mchana lilimtoka machozi yenyewe bila huzuni yoyote. Maji alikunywa kwa mrija. Herufi zinazotaka midomo ikutane zilimponyoka, akaanza kukwepa maneno. Kazi yangu aliishusha cheo, badala ya "pazia" akawa anasema "nguo ya dirisha". Kazini na njiani alivaa barakoa. Kila jioni alijifungia bafuni na honi yake, na mimi huku kwenye cherehani nikasikia sauti ya pampu ya baiskeli iliyotoboka, *fsss*, kisha kimya, kisha *fsss* tena. Hewa ilimtorokea pembeni mwa mdomo. Alipoishikilia pembe ile kwa kidole, sauti ilitoka. Lakini ili kidole kifike mdomoni ilimbidi autoe mkono wa kulia ndani ya honi, na bila mkono ule honi hupiga kelele kama bati linalopigwa na mvua.

Aliyebadilika zaidi alikuwa binti yao. Alikuwa na miaka tisa wakati ule, na sote tunamwita Chiriku, kwa sababu tangu ajue kusema hajawahi kunyamaza. Siku moja mama yake alimfuata shuleni bila barakoa, mtoto mmoja getini akapinda mdomo kumwiga. Chiriku alirudi bila kusema neno. Kesho yake nikamsikia akimwambia mama yake, "Usije tena kunichukua, najua njia." Wifi akajibu, "Haya, mwanangu," kisha akaenda kusimama uani kwa muda mrefu akizitazama nguo zilizoanikwa.

Mwezi wa nane wa ugonjwa ndipo Mwenyekiti alipokuja. Ni mwanamke mfamasia, hupiga fluti, na ndiye kiongozi wa kundi la muziki la wifi, watu watano wanaopuliza vyombo vitano: fluti, obo, klarineti, basuni na honi. Alikaa kwenye kiti changu cha wateja, akaweka mkoba magotini.

"Tumepata onesho la mtandaoni," akasema. "Shule za msingi arobaini na sita, moja kwa moja. Hizi ni shule zisizo na mwalimu wa muziki. Watoto watakaa madarasani mbele ya skrini, tuwaonyeshe vyombo kimoja kimoja, watuulize maswali. Jumatano ijayo, saa nne asubuhi."

"Nani atapiga honi?" wifi akauliza.

Mwenyekiti akamtazama yeye.

"Mtafute yule mwenzetu wa bendi ya polisi."

"Nimeshamtafuta. Amehamishwa. Kufika hapa ni safari ya siku mbili."

Wifi aliivua barakoa, akamgeuzia uso wote. "Ukumbini watu wangekuwa mbali. Kamera itakuwa hatua mbili kutoka hapa nilipo. Uso huu utajaa ukutani kwenye madarasa arobaini na sita. Umefikiria hilo?"

"Nimefikiria."

"Na shule ya binti yangu imo?"

Mwenyekiti akatazama chini. "Imo."

Nilijua atakataa, na nilitaka akatae. Nikaona vidole vyake vya mkono wa kushoto vinabonyeza hewa, kimoja baada ya kingine. Halafu akasema, "Nisipopiga sasa sitapiga tena. Naijua nafsi yangu. Hilo linaniogopesha kuliko kamera yenu."

Wiki ile hakula kitu cha maana. Asubuhi alipiga mazoezi, jioni alipiga mazoezi, na kati ya hapo alikwenda chooni. Mwenyekiti aliniomba nishone pazia zito la kuwekwa nyuma yao, maana ukumbi wa maktaba ya mtaa ulikuwa na mwangwi. Nikashona usiku na mchana, mishono ikipinda. Mimi ninayewacheka mafundi wenzangu kwa mishono iliyopinda!

Siku ya siku, wifi alitangulia kuondoka. Nilimkuta Chiriku mlangoni na sare yake, mkono tumboni.

"Shangazi, mtu anaweza kuumwa siku moja tu?"

"Anaweza. Wewe unaumwa?"

"Tumbo."

Nilimgusa paji la uso, lilikuwa baridi kama mtungi. Macho yake hayakutaka kukutana na yangu. Ningeweza kumruhusu abaki, na sijui hadi leo kama nilifanya sawa, lakini nilimwambia aende. Akaenda akiburuza begi. Sikumwambia wifi.

Ukumbini nilipanda ngazi, nikatundika pazia kwenye fimbo yake. Kwa juu pale niliona kila kitu. Viti vitano vilikuwa vimepangwa nusu duara, mbele yao kamera tatu, na pembeni kulikuwa na skrini kubwa ya kujionea. Mzee wa obo, mstaafu wa mahakama, alikuwa akilowesha mdomoni matete yake mawili membamba ya kupulizia. Mwoka mikate wa klarineti alifuta miwani. Ngongoti, fundi wa lifti, mrefu hata akiketi, aliunganisha basuni lake, bomba refu la mbao, vipande vipande. Wifi alikuwa amekaa mwisho, barakoa usoni, honi mapajani, ametulia kama mtu anayesubiri kung'olewa jino.

"Mama, samahani," fundi wa kamera akamwambia, "nikupime mwanga. Naomba utoe barakoa."

Akaitoa. Uso wake ukajaa kwenye skrini ile, mkubwa kuliko mlango. Jicho la kushoto lilikuwa linatiririka. Aliinua kichwa akajiona, akainuka, akaweka honi kitini, akatoka.

Nilimkuta chooni ameshika sinki kwa mikono miwili.

"Wifi, siwezi."

Ningesema utaweza, angejua nadanganya. "Mimi pia naogopa," nikasema. "Na mimi hata sipulizi kitu."

"Kama hewa itatoroka?"

"Itatoroka."

"Kama watanicheka?"

"Watoto hao, watacheka."

Akanitazama kwenye kioo. "Wewe ni mfariji wa aina gani?"

"Mshona mapazia."

Akatoa kicheko cha upande mmoja, kikaishia katikati. Mwenyekiti akagonga mlango. "Dakika tatu! Na wewe mama wa mapazia, nakuhitaji. Msoma maswali amepigiwa simu, mwanawe kaanguka shuleni. Utasoma wewe."

Hivyo ndivyo nilivyojikuta nimekaa mbele ya laptopu, maikrofoni kifuani, roho mkononi. Kwenye kioo chake kulikuwa na vijidirisha vidogo arobaini na sita, kila kimoja darasa zima, vichwa kama punje za mtama. Sauti zao zilikuwa zimefungwa. Sisi walitusikia, wao hatukuwasikia. Pembeni walimu waliandika maswali ya watoto. Nilikitafuta kijidirisha cha shule ya Chiriku, nikakipata. Mstari wa pili kulikuwa na kiti kitupu.

Walianza kwa wimbo mfupi wa pamoja. Honi ilibaki chini, kwenye sauti nzito, na hakuna aliyegundua kitu. Kisha Mwenyekiti akaonyesha fluti, akawaeleza watoto kwamba kuipuliza ni kama kupuliza juu ya chupa tupu. Mzee wa obo akatoa sauti nyembamba ya pua, akasema watu humdhania ni bata mwenye elimu. Mwoka mikate akapanda na kushuka ngazi zote za klarineti kwa pumzi moja. Ngongoti akasimama na basuni lake, kijidirisha hadi kijidirisha nikaona watoto wanayumba kwa kucheka, vinywa wazi, bila sauti hata chembe. Kicheko kisichosikika kinatisha. Sikuwahi kulijua hilo.

Zamu ya wifi ikafika. Kamera ikamsogelea.

"Hii," akasema, "ni honi. Ukiunyoosha mrija wake unakaribia urefu wa gari dogo." Alikuwa amepanga maneno yasiyo na herufi zile, lakini "mrija" na "unakaribia" yakamkwaa, yakatoka yamelowa. Akainua honi. Ulikuwa mwito mfupi tu, wa sauti sita. Ya kwanza ikatoka, ya pili ikatoka. Ya tatu, ile ya juu, ikakatika. *Fsss*. Akajaribu tena. *Fsss*. Mate yakamchirizika kidevuni na kamera ikayaonyesha yote.

Nikatazama vijidirisha. Walikuwa wanacheka bila sauti.

Mwenyekiti akawahi kusema, "Na sasa maswali!" Lakini maswali yalikuwa yameshaanza kumiminika mbele yangu, na la kwanza liliandikwa hivi: *Kwa nini mama wa honi analia?* Nikaliruka. Nikasoma la chini yake, kama basuni ni zito. Ngongoti akajibu. Nikarudi kwenye orodha. *Kwa nini mdomo wake umepinda?* Nikaliruka. *Honi yake imetoboka?* Nikaliruka. *Je, honi ndiyo inapinda mdomo?* Nilisoma swali kuhusu obo, nafikiri nililisoma mara mbili. Maswali yakaja kumi, kumi na tano, shule moja baada ya nyingine, yote yakimhusu yeye. Nikaacha kusogeza ukurasa.

Nilipoinua macho, wifi alikuwa ananitazama. Ananijua. Tumekula sahani moja miaka kumi na miwili.

"Wifi," akasema, na nchi nzima ya watoto ikamsikia, "soma."

"Kuna la fluti hapa..."

"Soma la kwangu."

Nikalisoma. Nikaliunganisha na lile la mdomo. "Kwa nini mama wa honi analia, na kwa nini mdomo wake umepinda."

Mikono yake ilitetemeka mpaka vibonyezo vikalia, tiki tiki tiki, na maikrofoni ikavidaka.

"Silii," akasema. "Naogopa, lakini silii. Jicho hili linatoa maji lenyewe. Nusu ya uso wangu iliugua, haifuati ninachoiambia. Na honi haina matete kama obo, haina tundu kama fluti. Kinacholia kwenye honi ni midomo ya mtu. Midomo ikitetemeka, honi inaimba. Yangu inatetemeka nusu. Ndiyo maana mmesikia hewa."

Akasimama. Akautoa mkono wa kulia ndani ya honi, akaweka kidole cha kati kwenye pembe ya kushoto ya mdomo, akaibana. Mbele ya shule arobaini na sita alifanya lile alilolifanya bafuni kwa miezi minane akiwa amejifungia. Akauvuta kidogo mrija wa kurekebisha sauti, akapuliza mwito wote. Ulitoka mkali, wa bati, mkubwa kuliko ukumbi, lakini zilitoka sauti zote sita bila kuvuja.

"Sasa nyinyi," akasema akihema. "Fungeni midomo, pulizeni itetemeke. Mkiweza, baneni pembe moja kwa kidole, mjaribu kwa nusu. Fundi, tufungulie sauti zao."

"Zote?" fundi wa kamera akauliza.

"Zote."

Maskini fundi. Alivichomoa vipokea sauti masikioni kama aliyeumwa na nyuki. Madarasa arobaini na sita yalitoa mlio wa pikipiki elfu moja kwa wakati mmoja, na katikati yake vicheko, na sasa vicheko vilikuwa na sauti. Niliwasikia walivyo hasa: watoto waliokuwa wakimwagiana mate. Walimu pia walikuwa wamebana midomo. Hakuna aliyeonekana mzuri.

Nikarudi kwenye kijidirisha cha Chiriku, nikakibonyeza kikakua. Kiti kilikuwa bado kitupu. Kisha mlango wa darasa ukafunguka, msichana mdogo akaingia, akasimama ukutani. Alitazama skrini, akawatazama wenzake. Nilimwona anakwenda kwa mtoto wa mstari wa mbele, anamshika kidole, anakisogeza chini kidogo kwenye shavu. Kelele zilikuwa nyingi, sikusikia alichosema. Akamwendea wa pili.

Walimaliza kwa wimbo mrefu wa watu watano. Usidhani hofu iliondoka. Ulipokaribia mstari wenye ile sauti ya juu, wifi alimtazama mwoka mikate, akatikisa kichwa. Hawakuwa wamepanga. Mwoka mikate akaipiga yeye kwa klarineti, akachelewa kidogo, na wimbo ukaendelea. Taa za kamera zilipozimwa wifi aliketi chini sakafuni. Mzee wa obo alimvisha koti lake. Sote tuliongea habari za usafiri.

Jioni Chiriku alikuja chumbani kwangu ambako mama yake alikuwa amejilaza kwenye marobota ya vitambaa.

"Mama, sikuwepo mwanzoni."

"Ulikuwa wapi?"

"Chooni. Niliomba ruhusa, nikakaa humo. Niliposikia wanacheka nilifikiri..."

"Walicheka kweli," wifi akasema.

"Nilikuacha peke yako."

Wifi akamvuta karibu. "Unajua mimi nilikuwa wapi dakika tatu kabla? Chooni. Muulize shangazi yako. Aliniambia nitachekwa."

Chiriku akanigeukia kwa macho ya mashtaka, na tangu hapo akaanza kuongea, akaongea mpaka chakula kikapoa. Alieleza nani alibana vibaya, nani alirusha mate kwenye daftari la mwalimu, na jinsi yule aliyemwiga mama yake getini alivyoomba aonyeshwe mara mbili.

Huu ni mwaka wa pili sasa. Uso wa wifi umerudi sehemu kubwa, si yote. Akichoka, pembe ya kushoto hushuka. Mkono wake umerudi ndani ya honi. Ile sauti ya juu haijarudi, na mwoka mikate ameizoea kiasi kwamba huidai kama yake. Wamefanya maonesho mengine manne ya shule, na kila mara, saa moja kabla, wifi hutapika. Hajawahi kuacha kuogopa. Mwanzoni nilidhani ataizoea kamera, naye alidhani hivyo. Siku hizi tunabeba tu ndoo ndogo kwenye begi la pazia.

Chiriku ameanza kujifunza muziki kwa mzee wa obo kila Jumamosi. Tulipomuuliza kwa nini si honi, na mwalimu anaye humu humu ndani, alitutazama kama watu wasio na akili.

"Honi?" akasema. "Honi inatisha."